Mashine Iliyosema Kamwene

Simu iliita wakati Verediana anapepeta maharage nyuma ya nyumba, na Kalista, mtoto asiyejua kuficha jambo, akaiweka sauti ya nje kama kawaida yake. Sauti ya Esnath ikajaa uani pote, nene, ya mtu aliyeshiba maziwa.

"Gwe Kalista! Mjukuu wangu! Nimesikia umechaguliwa chuo huku kwetu Mbeya!"

Huku kwetu. Verediana hakuinua kichwa, lakini ungo ulipunguza mwendo.

"Ndiyo bibi, nimechaguliwa. Nakuja kusoma mambo ya kompyuta."

"Ndaga fijo, Mungu wangu! Sasa nisikilize. Chumba chako nimeshakipaka rangi. Na hiyo laptopu wanayosema kila mwanafunzi lazima awe nayo, usiumize kichwa. Nanunua mimi. Mpya, ya kwenye boksi."

Ungo ukasimama kabisa. Kuku wakaona nafasi, wakasogea.

"Mwambie imeshanunuliwa," Verediana akasema kwa sauti ya chini.

Kalista akamtazama. "Bibi, bado hatuja..."

"Mwambie."

"Nani huyo anaongea hapo nyuma?" Esnath akauliza.

"Ni bibi. Anasema laptopu imeshanunuliwa."

"Aa, mkwe! Kamwene, mkwe wangu!" Esnath akamsalimia kwa Kihehe. "Imenunuliwa? Ya namna gani?"

Verediana, ambaye maishani mwake hajawahi kuigusa laptopu hata kwa kidole, akajibu, "Nzuri."

"Ya rangi gani?"

"Utaiona tukija."

"Tukija? Kumbe na wewe unakuja?"

"Namleta mwenyewe," Verediana akasema, na hapo hapo akajua kwamba amejifunga safari ya Mbeya na kompyuta juu yake, vyote kwa pumzi moja.

Msimcheke bado. Kalista alikuwa wa Verediana tangu alipoachishwa ziwa. Mama yake, Catherine, alipata kazi ya zamu kwenye kiwanda cha karatasi Mgololo, akamleta mtoto kwa mama yake Tosamaganga akiwa mgongoni na hakumchukua tena. Baba yake, Nashoni, ambaye ni mtoto wa Esnath, alikuwa anaendesha malori ya Tunduma, leo yupo kesho hayupo. Aliyekesha na Kalista kwa surua ni Verediana. Aliyekwenda naye hospitali ya misheni na mvua imewalowesha wote wawili ni Verediana. Aliyemchapa alipotoroka shule ni yeye pia, na hilo nalo linahesabiwa. Esnath alikuwa bibi wa likizo. Na bibi wa likizo ana raha zake: hachapi, hakemei, hasemi sukari imekwisha. Anatoa tu na kucheka.

Mwaka Kalista alipokuwa darasa la tatu alikwenda kwa Esnath kule Uyole, Mbeya, akarudi na mashavu kama maandazi. Verediana akampakulia ugali. Mtoto akapokea sahani kwa mikono miwili, akasema, "Ndaga, bibi." Kwa Kinyakyusa. Asante ya watu wengine, ndani ya jiko lake. Verediana alibaki na mwiko hewani. Mtu unamkemeaje mtoto kwa kushukuru? Lakini tangu siku hiyo kila Kalista akifungasha kwenda Mbeya, Verediana alikuwa anamsikiliza akirudi, neno kwa neno, kama anayechagua mawe kwenye mchele.

Na sasa si likizo tena. Ni miaka ya chuo.

Nguruwe waliokuwa wananona kwa ajili ya Krismasi wakauzwa kesho yake asubuhi.

Duka la Aroni Kalinga lilikuwa mjini Iringa, karibu na eneo la Mashine Tatu, katikati ya mafundi simu. Kalista alilijua kwa sababu ya sifa zake. Verediana alilikubali kwa sababu ya jina lililoandikwa mlangoni.

"Wewe ni Kalinga wa wapi?" alimuuliza mwenye duka kabla hata hajaketi.

"Wa Kalenga, bibi."

"Wa nani, hapo Kalenga?"

"Wa yule mzee aliyekuwa na ng'ombe mweupe, shamba lake linaangalia mto."

"Namjua. Alikuwa mchoyo." Akaketi. "Basi wewe ni wa nyumbani. Nitolee kompyuta itakayomuumiza mtu macho."

"Bibi, za siku hizi haziumizi macho. Kioo chake kina kinga ya..."

"Sisemi macho ya Kalista."

Aroni alimtazama Kalista, Kalista akatazama dari. Aroni alikuwa kijana wa makamo mwenye kitambi cha soda, na alikuwa ameuza vitu kwa mabibi wa kutosha. Hakuuliza zaidi. Akafungua kabati la kioo, akatoa moja: nyembamba kama sahani, rangi ya fedha, mfuniko wake unang'aa hata Verediana akaona kilemba chake mwenyewe kikimtazama humo ndani. Akaigeuza huku na huku juani. Akilini akamwona Esnath ameshika mdomo. Akamwona Esnath anaomba kuigusa, na yeye anasema, nawa mikono kwanza, mkwe.

"Hii," akasema. "Ifunge."

"Kaka Aroni," Kalista akaingilia, "ramu yake inaongezeka hii?"

"Kusema kweli haiongezeki. Imegandishiwa humo humo kiwandani."

"Na ile nyeusi pale chini?"

Verediana akageuka kuangalia. Pale chini palikuwa na kitu kinene, cheusi, pembe zimekwaruzika, kama boksi la viatu lililokanyagwa.

"Ile ni mtumba wa ofisi, imetoka Ulaya," Aroni akasema, na sauti yake ikachangamka kidogo. "Usiidharau. Betri nimeweka mpya. Kibodi yake hata ukimwagia chai unaifuta tu. Na ndani yake nimeweka Ubuntu."

"Ubuntu!" Kalista akapiga makofi. "Shuleni kompyuta zetu zote zilikuwa na hiyo hiyo! Bibi, hii ndiyo. Kazi za chuo zitaenda humu bila shida."

"Kalista. Hicho ni kitu au ni mabaki ya kitu?"

"Bibi, kompyuta haiangaliwi mfuniko."

"Kwani Esnath ataangalia nini?"

Maneno yakishatoka hayarudi. Kalista akamtazama bibi yake, na safari hii hakucheka.

"Bibi, unaninunulia mimi au unamnunulia Bibi Esnath?"

Aroni akapata ghafla kazi ya kufuta vumbi kwenye chaja. Verediana akarekebisha kitenge ambacho hakikuwa na kasoro. Alitaka kusema, nakununulia wewe, na ingekuwa kweli, lakini isingekuwa kweli yote, na mtoto aliyemlea mwenyewe angejua.

"Hebu iwashe hiyo nyeusi," akasema badala yake. "Na unieleze, mtoto wa Kalinga. Huyo uliyemweka ndani yake ni nani?"

"Si mtu, bibi. Ni mfumo. Ndio unaoifanya mashine ijue kazi. Ile ya fedha ina wa kampuni, unaununua. Huu wa hii nyeusi ni huria."

"Huria kama soko huria?"

"Karibu. Waliouandika wameuacha wazi. Unautumia bure, unaufungua ndani uone ulivyoandikwa, unaubadilisha ukitaka, unampa na jirani."

"Bila kumwomba mwenyewe?"

"Mwenyewe ndiye aliyeruhusu. Ni wa kila mtu."

Hapo Verediana ndipo alipoanza kuichukia kabisa ile mashine. Yeye ameuza nguruwe apate kitu ambacho Kalista akikifungua, asubuhi na jioni, atajua kimetoka kwa Verediana wa Tosamaganga. Halafu anauziwa kitu cha kila mtu! Na kila mtu ni pamoja na Esnath. Kitu cha kila mtu kikifika Uyole, nyumbani kwa Esnath, mezani kwa Esnath, kitakuwa cha nani?

Kioo kikawaka. Likatokea neno, jeupe, limekaa katikati peke yake kama mgeni wa heshima. Verediana aliishia darasa la nne, lakini herufi hazikumtoka. Akasogeza uso.

"U-bu-ntu," akasoma. Akarudia taratibu. Kisha akajiegemeza nyuma na kukunja mikono kifuani. "Mmeongea na Esnath."

"Nini, bibi?"

"Nyie wawili. Mmeshaongea naye. Hicho ni Kinyakyusa. Sisi mtu ni munu. Wao ni mundu. Hii ntu, ntu, inatoka wapi kama si kule kwao?"

Kalista akajikunja kwa kicheko mpaka akashika meza. Aroni alijitahidi kuwa mtu mzima. "Bibi, ni neno la Afrika Kusini. Kizulu. Maana yake ni utu tu."

"Afrika Kusini unapitia wapi?"

"Kwa barabara? Tunduma."

"Na Tunduma?"

"Unapitia... Mbeya."

"Basi. Limepita kwa Esnath." Akainuka. "Funga ile ya fedha."

Kicheko cha Kalista kikakatika. Hakubishana. Alifunga tu mfuniko wa ile nyeusi, polepole, akaupangusa kwa kiganja kama mtu anayemfunika mtoto wa jirani shuka, akasogea mlangoni akaangalia barabara. Verediana alilijua bega lile. Ndilo bega la mtoto aliyekwenda Uyole likizo ile na hakugeuka nyuma kupunga mkono.

Aroni, ambaye alishaona mauzo yanaelekea kuvunjika, akakohoa. "Bibi, nimesema unaweza kuubadilisha. Sijasema uongo. Maneno yote unayoyaona kwenye kioo, fungua, funga, tafuta, nyumbani, yanaweza kuandikwa kwa lugha yoyote. Kiswahili kipo kiasi. Watu wenye lugha zao hukaa wakayaandika, wakayatuma, yakaingizwa."

"Lugha yoyote?"

"Yoyote yenye mtu wa kuifanyia kazi."

"Hata Kihehe?"

"Hata Kihehe."

Verediana akakaa tena. "Na Kinyakyusa kimeshaingia?"

"Sijasikia."

"Una hakika?"

"Bibi, sijasikia."

Aligeuka akaangalia ile mashine nyeusi, yenye pembe zilizokwaruzika, na kwa mara ya kwanza akaiona ina uso wa kufundishika. Ile ya fedha ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe yuko mbali, na hata ungemlilia asingesema kamwene. Lakini hii ilikuwa wazi. Mlango wazi huingia aliyewahi.

"Kalista, njoo hapa. Acha kununia barabara. Mwambie huyu aifunge hiyo yako."

"Kweli, bibi?"

"Lakini haifiki Mbeya kabla haijajua Kihehe."

Jumapili baada ya misa walikaa wawili barazani, mashine mezani, na Verediana hakukumbuka siku nyingine kama ile tangu Kalista akiwa anafundishwa kufunga nywele. Kalista aliuliza neno, Verediana alilitafuta kichwani, akalisema, akalikataa, akaleta jingine. Mengine yalikuwepo siku zote. Mengine hayakuwahi kuhitajika Tosamaganga, kwa hiyo ilibidi yaazimwe kutoka kwenye mambo ya shamba na jiko. Kufuta wakakutafutia kwenye palizi. Kuhifadhi wakakukosa, wakakuacha.

"Haya nitayatuma kwa wanaokusanya," Kalista akasema. "Itachukua muda, bibi. Lakini hapa hapa kwetu naweza kuandika ya mwanzo."

Akabonyeza bonyeza. Akaifunga mashine, akamsogezea. "Fungua."

Verediana akapangusa vidole kwenye kitenge, akafungua. Chini ya lile neno la Kizulu ambalo alikuwa bado hajaliamini, kioo kikaandika kwa herufi kubwa: KAMWENE. Na pale ambapo Kalista alikuwa anaweka vitu vyake vyote, pakaandikwa: Kukaye. Nyumbani.

"Kamwene," Verediana akaijibu mashine, kabla hajajizuia.

Maharage yaliungua jikoni, wakala hivyo hivyo.

Uyole kulikuwa na baridi iliyotulia na nyumba ya Esnath ilinukia maziwa na mbalaga, ndizi zile za kupika. Esnath aliwapokea mlangoni, mwanamke mrefu, mikono yote miwili mbele, akamkumbatia Kalista mpaka miguu ya mtoto ikaacha ardhi. Verediana alisubiri zamu yake akiwa na kapu kichwani.

"Karibu, mkwe. Umekonda."

"Ni safari. Wewe hujapungua."

Wakala. Kalista akaeleza kuwa mwaka wa kwanza wote wanakaa bweni, na Verediana akafurahi kimoyomoyo juu ya kile chumba kilichopakwa rangi bure. Lakini furaha yenyewe haikudumu mpaka amalize ndizi iliyokuwa mkononi. Kwa sababu Esnath aliondoka kidogo, akarudi na kitu kilichofunikwa kitambaa cha kufuma, akakiweka mezani mbele ya mtoto.

"Najua mlisema imenunuliwa," Esnath akasema. "Lakini bibi hawezi kukaa mikono mitupu."

Akavuta kitambaa. Ilikuwa ya fedha. Nyembamba kama sahani. Ile ile, au pacha wake, na mfuniko uling'aa hata Verediana akaona humo kilemba chake mwenyewe kwa mara ya pili, na chini yake uso wa mwanamke aliyeshindwa.

Ningeinunua ile! alijiambia. Mjinga mimi! Maini yalimwaka. Kalista alikuwa ameshaishika, anaipapasa pembeni, anaiinua, na macho yake yalikuwa yamefunguka kama ya mtu yeyote aliyepewa kitu kizuri. "Bibi! Nyepesi hivi!"

"Ya kwenye boksi," Esnath akasema. "Haijaguswa na mkono wa mtu. Na ya mkwe je? Tuione."

Hakukuwa na pa kukimbilia. Kalista akatoa ile nyeusi, ikatua mezani kwa kishindo. Esnath akaitazama kwa huruma, na huruma ile Verediana asingeisamehe hata padri angemwagiza.

"Iwashe," Verediana akasema. "Mwache asome."

Kioo kikawaka. Esnath akavaa miwani, akainama. Halafu akapiga kofi moja kubwa.

"Ubundu! Jamani! Mkwe umetununulia mashine ya Kinyakyusa! Wamekosea herufi moja tu, lakini wamejitahidi!"

"Si cha kwenu! Ni Kizulu!" Verediana akasimama kabisa. "Soma chini! Soma hapo chini!"

"Ka-mwe-ne," Esnath akasoma, na kofi la pili halikupigwa. "Mmeandika nyie?"

"Sisi. Kwa mikono yetu. Endelea."

"Ku-ka-ye." Esnath akavua miwani. "Hapa mmekosea. Ni kukaja."

"Nani amekosea? Kukaye! Nyumbani ni kukaye!"

"Nyumbani ni kukaja, mkwe, nimezaliwa nikisema."

"Basi mlitusikia vibaya zamani mkalichukua hivyo hivyo!"

"Sisi tulichukua? Nyie ndio mliopita na neno likawavunjikia njiani!"

"Bibi!" Kalista akasema, na wote wawili wakageuka, kwa sababu wote wawili walikuwa ni bibi. Alikuwa ameweka mkono mmoja juu ya kila mashine. "Siwezi kubeba mbili bwenini. Zitaibiwa. Nachukua moja."

Verediana aliangalia mikono ile. Aliifundisha kushika jembe, kushika rozari. Akajiona anaombea mkono wa kushoto uinuke, maombi ya aibu, ya mtu mzima anayemwomba Mungu amkomoe mwenzake.

Mkono wa kushoto ukainuka, ukaiacha ile ya fedha.

"Bibi Esnath, ni nzuri mno," Kalista akasema. "Lakini masomo yangu yanaitaka hii nyeusi. Hiyo yako usiirudishe dukani. Kaa nayo wewe. Nitakufundisha, na wiki nikibanwa na mitihani tutaonana usoni humo, mimi bwenini wewe hapa."

Uso wa Esnath ulianguka, halafu ukainuka polepole kama unga unaoumuka. "Usoni? Nikuone unavyokula?"

"Unione ninavyokula."

Na Verediana, aliyeshinda, ambaye mashine yake ndiyo iliyochaguliwa mbele ya macho ya Esnath kama alivyoota, akaigusa simu yake kwenye pindo la kitenge. Ilikuwa ya vitufe. Haioni mtu. Esnath ameshindwa, na zawadi ya kushindwa ni uso wa Kalista. Yeye ameshinda, amebaki na sauti.

"Na Kinyakyusa utaniwekea?" Esnath alikuwa anauliza, ameshavuta kiti karibu. "Huyu amewekewa. Niwekee ndaga."

"Naweka, bibi. Ni huria."

"Kalista!" Verediana akasema.

"Bibi, siwezi kuweka ya kwako nikamfungia yeye. Ipo hivyo." Kisha akaongeza, kwa Kiswahili kile cha taratibu alichokuwa anatumia akitaka kuomba radhi bila kuitamka, "Lakini maneno bado ni mengi sana. Hata robo hatujafika. Nitamhitaji mtu wa kunitafutia kila wiki. Kila lugha iwe na mtu wake."

Mabibi wawili wakatazamana juu ya sahani za mbalaga. Hakuna aliyesema amekubali. Lakini Verediana aliona jinsi Esnath alivyoanza kutikisa midomo, anahesabu maneno kimya kimya, na yeye akaanza ya kwake.

Verediana aliporudi Tosamaganga hakumpa mtu nafasi. Wazee waliotoka kanisani walikutana naye langoni. Huyu alishikwa mkono akaulizwa mama yake marehemu alikuwa anasemaje kuweka mahindi darini yasiliwe na panya. Yule akaulizwa neno la kurudia jambo uliloliharibu. Bertha, jirani yake, alimwuliza kama anaumwa.

"Siumwi. Niambie, wewe kitu kinachokatika katikati unakiitaje?"

"Mimi nitakijuaje? Nenda kalale, Verediana."

Lakini neno la kuhifadhi alilipata, kwa kikongwe mmoja asiyeona, aliyelisema kwa kawaida tu wakati anaagiza mtu amfichie tumbaku. Verediana alitembea hadi nyumbani akilitafuna lisimtoroke, haamkii mtu.

Kalista akapiga simu jioni, jua bado lipo.

"Kamwene, bibi!"

"Esnath amefika wapi?"

"Bibi, hata salamu?"

"Kamwene. Amefika wapi?"

"Amenipa fungua na funga. Amekwama kwenye kuhifadhi. Anasema kwao hakuna."

"Hakuna!" Verediana akakaa chini kwenye kizingiti, pumzi zimemjaa. "Sasa sikiliza. Mimi ninalo."

Ndipo akasikia sauti nyingine nyuma ya Kalista, nene, ya mtu aliyeshiba maziwa, inasema ngoja, ngoja kwanza, usiandike la huyo, na mimi nimelikumbuka.

"Yuko hapo? Yuko bwenini?"

"Hapana, bibi. Yuko kwake. Nimemfungua kwenye kioo, tunaonana."

Kwenye kioo. Kwenye ile nyeusi. Sauti ya Esnath ilikuwa inatoka ndani ya mashine ya Verediana, iliyonunuliwa kwa nguruwe wa Verediana, inafika sikioni kwa Verediana, kwa kupitia mtoto wake. Angeweza kukata simu. Kidole kilikuwa tayari pale kwenye kitufe chekundu.

"Umevaa nini?" akauliza.

"Nini, bibi?"

"Leo. Yeye anakuona. Mimi niambie umevaa nini."

Kalista akamwambia: sweta ile ya kijani uliyonifumia, na nywele nimesuka mwenyewe vibaya, na nina wino kwenye kidole. Akamwambia anakula nini, na kitanda chake kiko upande gani wa dirisha. Alimwambia mengi, polepole, mpaka Esnath kule ndani akalalamika kwamba hayo yeye hakuambiwa.

"Hukuuliza!" Verediana akapaza sauti, ili ipite kwenye simu, ipite kwa Kalista, iingie kwenye mashine, ifike Uyole.

"Nitauliza sasa hivi!" Uyole ikajibu.

"Subiri zamu yako, nazungumza na mjukuu wangu. Kalista, una kalamu? Andika."

Akalisema lile neno. Kalista akalirudia, ulimi umeteleza kidogo upande wa Mbeya. Verediana akamkatalia. Akalisema tena, herufi kwa herufi, ameibana simu kwa mikono yote miwili kama kuna mtu amesimama nyuma yake anataka kumnyang'anya.